Chekechea: Nusu Siku au Siku Nzima?

Liko jambo linalojadiliwa sana katika nyumba za wafanyakazi, ingawa ni nadra kusikika katika mikutano. Nalo ni saa za darasa la awali, lile ambalo wazee wetu waliliita shule ya vidudu na ambalo wengi wetu hata leo huliita chekechea. Katika shule nyingi za Serikali watoto hawa huingia asubuhi na kuruhusiwa kabla ya adhuhuri, hali wazazi wao wangali kazini. Wako wazazi wasemao kwamba muda huo hautoshi, na kwamba yafaa mtoto abaki shuleni mpaka alasiri. Wako wengine wanaoona kwamba mtoto wa miaka 5 amekwisha kuchoka ifikapo saa 5, na kwamba mahali pake ni nyumbani. Pande zote mbili zina hoja zinazostahili kusikilizwa, na wakati umefika wa jambo hili kutolewa uani na kuletwa barazani.

Na tuanze na hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kazi ya kawaida kuwa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Mtumishi wa Serikali huanza kazi saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Sasa tuchukue mfano wa mtoto anayekaa darasani saa 3 kila siku kwa siku 5. Mtoto huyo yuko shuleni saa 15 kwa juma, na mzazi wake wa kiwandani yuko kazini saa 45. Zimebaki saa 30 ambazo mtoto hana mwalimu wala mzazi, na hapo bado hatujahesabu muda wa kusubiri basi asubuhi na jioni. Swali ambalo kila mama mfanyakazi hulijibu kwa njia yake, na mara nyingi peke yake, ni hili: saa hizo 30 mtoto yuko mikononi mwa nani?

Majibu yake twayajua sote. Mwenye bibi nyumbani hushukuru Mungu. Mwenye jirani mwema humwachia jirani, naye huishi na deni la fadhila lisilolipika. Mwenye kipato kidogo cha ziada hulipa kituo cha kulelea watoto cha mtu binafsi, na ada hiyo huila sehemu kubwa ya mshahara. Asiye na lolote kati ya hayo humwajiri binti wa kazi ambaye pengine naye ni mtoto, au humzuia dada mkubwa asiende shule ili amwangalie mdogo wake. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito. Darasa la awali lilianzishwa ili kumtayarisha mtoto mmoja kwa masomo. Lisipopangwa vema laweza kumtoa mtoto mwingine katika masomo yake. Na yule asiye na wa kumpokea kabisa hutembea na wenzake wa rika lake, akivuka barabara kuu saa za mchana, na mzazi hana habari mpaka magharibi.

Hata hivyo, wale wanaotetea nusu siku hawasemi bila sababu. Mtoto wa umri huo bado mwili wake unahitaji usingizi mwingi na michezo mingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilieleza kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 katika siku, usingizi wa mchana ukiwamo, na kucheza kwa kuuchangamsha mwili kwa muda usiopungua saa 3. Mtoto wa miaka 5 hayuko mbali na hapo. Ukimkalisha juu ya dawati tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, akikariri herufi, hutamwongezea elimu. Utamfanya aichukie shule kabla hajaijua. Tena yako mafunzo ambayo mwalimu hawezi kuyatoa: lugha ya nyumbani, hadithi za bibi, adabu mbele ya wakubwa, kazi ndogo ndogo zinazomfanya mtoto ajione kuwa mmoja wa jamaa. Mkulima wa kijijini, ambaye mwanawe hutembea mwendo mrefu mpaka shuleni, ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto huyo acheleweshwe mpaka jua kali, kisha arudi njiani peke yake akiwa na njaa.

Kabla ya kutoa hukumu yafaa tujue jambo hili limetoka wapi. Madarasa ya watoto wadogo ya namna hii yalianzishwa na Mjerumani Friedrich Froebel katika mji wa Blankenburg mwaka 1837, na miaka mitatu baadaye akayapa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Mawazo yake yakavuka bahari. Mwaka 1873 mama mmoja aitwaye Susan Blow alifungua darasa la namna hiyo katika shule ya umma ya mji wa St. Louis, Marekani, nalo likawa mfano kwa miji mingine. Katika mengi ya madarasa hayo ya mwanzo mwalimu alifundisha asubuhi, na alasiri aliwatembelea wazazi majumbani ili kuzungumza nao juu ya malezi. Lakini watoto walipokuwa wengi na fedha zikawa chache, shule nyingi ziliiondoa kazi ile ya kuwatembelea wazazi, na mwalimu yule yule akapewa kundi la pili la watoto wa alasiri. Wasomaji na walitafakari jambo hili. Nusu siku haikudumu kwa sababu ya uchunguzi wa mahitaji ya mtoto pekee. Ilidumu pia kwa sababu chumba kimoja na mwalimu mmoja waliweza kuhudumia makundi mawili. Asemaye leo kwamba nusu siku ndiyo desturi ya asili hana budi kukumbuka kwamba desturi hiyo ilichangiwa sana na hazina.

Hapa kwetu njia ilikuwa nyingine. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962, uliihesabu kazi ya kuwatunza watoto wadogo kuwa sehemu ya ukombozi wa mama. Baadaye vijiji vingi vilifungua vituo vya kulelea watoto ili akina mama wapate kwenda shambani. Shabaha ya vituo hivyo ilikuwa malezi. Mtoto alishwe, alindwe, acheze na wenzake, wazazi nao wafanye kazi wakiwa na moyo mtulivu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, hakuwa na haraka ya kumpeleka mtoto mdogo darasani. Alitaka umri wa kuanza shule ya msingi usogezwe mbele, ili mtoto amalize akiwa amekomaa vya kutosha kulitumikia taifa. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na usimamizi wake ukawa wa Ustawi wa Jamii.

Kisha njia ikageuka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi wa shule. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka 1 wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada. Matokeo yake yalionekana mara moja. Watoto walioandikishwa katika madarasa ya awali walikuwa kama milioni 1 mwaka 2015. Mwaka 2016 walizidi milioni 1 na nusu. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangulia, kwani Sera yake ya Elimu ya mwaka 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Hayo ni maendeleo ambayo mwananchi hana haja ya kuambiwa ayasifu. Anayaona kila asubuhi watoto wanapopita na vifuko vyao mgongoni.

Lakini katika mageuzi hayo kitu kimoja kilisahauliwa. Malezi yalibaki upande mmoja na elimu ikaenda upande wa pili. Kituo cha kulelea watoto ni cha Ustawi wa Jamii. Mtaala wa darasa la awali ni wa Wizara ya Elimu. Shule yenyewe inaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI. Kila mmoja anafanya kazi yake, na hakuna aliyepewa kazi ya saa 6 mchana. Kengele ya awali inapolia, mtoto ametoka mikononi mwa elimu na hajaingia mikononi mwa malezi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba mwaka 2021, ilikusudiwa kuziunganisha idara hizo katika mambo ya mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Shabaha hiyo ni njema. Mzazi mfanyakazi ataipima kwa kipimo kimoja rahisi: je, mwanangu ana mahali pa kukaa baada ya kengele?

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kupita njia hii, na si vibaya kutazama nyayo zao. Katika jimbo la Colorado, Marekani, kwa miaka mingi fedha za jimbo zilitosha kidogo tu kuzidi nusu siku. Katika wilaya nyingi za elimu mzazi aliyetaka mwanawe akae siku nzima alilipa mwenyewe, mamia ya dola kwa mwezi, ndani ya shule ya umma. Mwenye nazo alilipa, na asiye nazo alimchukua mtoto wake mchana. Watoto wa darasa moja wakagawanyika kwa mfuko wa baba zao. Mwaka 2019 Gavana Jared Polis alitia sahihi sheria ya kugharamia siku nzima kwa fedha za jimbo, na wazazi hawakulazimishwa kuipokea. Katika jimbo la Ontario, Kanada, Charles Pascal alipeleka taarifa kwa serikali mwaka 2009 akishauri siku nzima kwa watoto wa miaka 4 na 5. Kazi ilianza Septemba 2010 katika shule zipatazo 600 na kukamilika katika shule zote za umma mwaka 2014. Gharama yake ni zaidi ya dola bilioni 1 kila mwaka, na kwa kawaida darasa hupewa mwalimu pamoja na mlezi mwenye taaluma ya watoto wadogo.

Je, mtoto hujifunza zaidi akikaa siku nzima? Wataalamu wa Marekani waliofuatilia watoto walioanza mwaka wa masomo 1998 na 1999, pamoja na waliokusanya tafiti nyingi mahali pamoja, waliona kwamba wa siku nzima humaliza mwaka wakiwa mbele katika kusoma na kuhesabu. Lakini waliona pia kwamba tofauti hiyo hupungua miaka inavyokwenda, hata ikifika darasa la tatu imebaki kidogo sana. Matokeo hayo hayaiangushi hoja ya siku nzima, ila yanaiweka mahali pake. Anayedai siku nzima kwa kudhani kwamba mwanawe atakuwa msomi kuliko wengine atakuja kukata tamaa. Anayeidai kwa sababu mtoto anahitaji usalama, chakula, wenzake wa kucheza nao na mtu mzima wa kumtazama, na kwa sababu mama anahitaji kufanya kazi bila moyo kudunda, huyo anadai jambo la kweli.

Kwa hiyo sisi tunasema wazi kwamba mjini, na kila mahali penye wafanyakazi wengi wa mshahara, mtoto wa chekechea apewe siku nzima. Lakini siku hiyo isiwe masomo matupu. Asubuhi iwe ya darasa kama ilivyo sasa, na alasiri iwe ya malezi: chakula, usingizi, michezo, nyimbo na hadithi. Tena iwe hiari. Mwenye bibi nyumbani amchukue mwanawe saa 5 bila kuulizwa. Vijijini, ambako mwendo ni mrefu na kazi ni ya msimu, wazazi waachiwe kuamua katika mikutano yao. Hapo pengine lenye faida zaidi ni shule shikizi iliyo karibu kuliko saa nyingi katika shule iliyo mbali.

Siku nzima ina masharti yake, na yasipotimizwa ni heri nusu siku. Sharti la kwanza ni chakula. Waraka wa mwaka 2015 uliondoa ada, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa jukumu la wazazi. Kumbakiza mtoto wa miaka 5 mpaka alasiri bila uji wala ugali ni adhabu. Sharti la pili ni idadi. Taratibu zetu zinataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Sote tunajua shule ambazo chumba kimoja kina watoto 75, yaani madarasa matatu yaliyopewa mwalimu wa darasa moja. Ukimwongezea mwalimu huyo saa 4 za alasiri utamvunja mgongo, na watoto hawatapata kitu. Sharti la tatu ni mahali pa kulala: mkeka safi, kivuli na upepo. La nne ni choo kinachomfaa mtoto mdogo, na maji ya kunawa. Hakuna katika haya linalohitaji mitambo ya ng'ambo.

Tunajua atakayesema kwamba nchi haina fedha. Tunamjibu kwamba gharama ipo tayari, ila hailipwi na hazina. Inalipwa na mama anayeomba ruhusa mara tatu kwa mwezi mpaka anapoteza kazi. Inalipwa na kiwanda kinachokosa fundi wake siku mtoto anapougua kwa jirani. Inalipwa na binti wa miaka 11 anayekosa hesabu za darasa la tano kwa sababu amembeba mdogo wake. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo haikosi mlipaji. Swali ni kama tutailipa pamoja kwa mpango, au tutamwachia kila mmoja aibebe kwa siri.

Mpango huo waweza kuanza bila kungoja bajeti kubwa. Alasiri ya malezi haihitaji mwalimu wa pili mwenye shahada. Inahitaji mlezi aliyefunzwa. Baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi hufundisha malezi ya watoto wadogo, na wako vijana waliohitimu ambao hawana kazi. Halmashauri ichague kwanza shule chache zilizo karibu na viwanda, masoko, hospitali na bandari, ijaribu kwa mwaka 1, kisha itoe hesabu mbele ya wananchi. Waajiri nao wasijifiche. Sheria ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Likizo hiyo huisha, lakini mtoto haishi kuwa mdogo siku hiyo. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa mezani kujadili mikataba ya hali bora, jambo la malezi ya watoto liandikwe pamoja na nauli na matibabu. Limekuwa likihesabiwa kuwa jambo la wanawake, na kwa sababu hiyo huwekwa mwisho wa orodha, kisha muda huisha. Baba mfanyakazi ajue kwamba mtoto yule ni wake pia.

Liko jambo moja tunaloonya kwa nguvu. Siku nzima isigeuzwe mlango wa nyuma wa kurudisha ada. Ikiwa kamati ya shule itaamua michango ya chakula, na iwe kwa ridhaa ya mkutano wa wazazi, kwa hesabu iliyobandikwa ubaoni, na mtoto wa asiyeweza asisimamishwe dirishani akiwatazama wenzake wakila. Tumekwisha kuona jambo la Colorado, ambako shule ya umma iliwatenga watoto kwa fedha, na iliwachukua miaka mingi kulirekebisha. Sisi tusianze pale walipotoka.

Mwanachama anayesoma ukurasa huu ana kazi ya kufanya juma hili. Na aende katika shule iliyo karibu naye, aulize darasa la awali lina watoto wangapi, wanatoka saa ngapi, na wangapi kati yao hupokelewa na mtu mzima langoni. Achukue hesabu hiyo na kuipeleka katika mkutano wa tawi, na mfanyakazi mwenzake aipeleke katika mkutano wa chama cha wafanyakazi. Diwani aulizwe, na Mwalimu Mkuu asikilizwe, kwani yeye ndiye ajuaye vyumba alivyo navyo. Wazazi wa nusu siku na wazazi wa siku nzima wakae mkeka mmoja, maana wote wanamzungumzia mtoto yule yule anayeruhusiwa kabla ya adhuhuri. Kamati za shule zikiitisha mikutano hiyo kabla ya uandikishaji wa mwaka ujao, shule za kwanza zaweza kuanza Januari.